Mzungu wa Kazi: Fundi Mackay na Mwambao wa Ziwa Letu

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumkemea mgeni mvivu, na ni haki itumiwe hivyo. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba agizo lililomo humo anapewa mwenyeji. Yeye ndiye mwenye jembe, naye ndiye apaswaye kumwonyesha mgeni shamba na mipaka yake. Katika mwambao huu, ambako visiwa na mialo hupokea wageni mwaka hata mwaka, baadhi yao kutoka mikoa ya mbali na wengine kutoka nchi jirani, hapana budi pande zote mbili za agizo hilo zieleweke. Kwa sababu hiyo tumeona vema leo kueleza maisha ya mgeni mmoja aliyefariki zamani, ambaye historia yake imefungamana na Kageyi, Ukerewe na Usambiro. Mgeni huyo ni fundi Alexander Mackay.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani alipokuwa mdogo. Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akaingia katika masomo ya uhandisi. Mwaka 1873 alihamia Ujerumani, akapata kazi mjini Berlin ya kuchora michoro ya mitambo kiwandani. Huko ndiko alikoonja ugeni kwa mara ya kwanza. Alijifunza lugha ya wenyeji, akaishi miongoni mwao, na akajipatia riziki kwa ufundi wake. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa watu wengi humkumbuka kama mmisionari tu, wakasahau kwamba kabla ya kuiona Afrika alikwisha kuwa mfanyakazi katika nchi isiyokuwa yake.

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya Henry Stanley iliyoomba wamisionari wapelekwe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mackay alijitolea, akapokelewa na chama cha Church Missionary Society, na mwaka 1876 akawasili Unguja pamoja na wenzake. Safari yake ya kwanza kwenda bara haikufika mbali, kwani alishikwa na homa akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 aliongoza kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa zaidi ya kilomita 300, ili magari ya ng'ombe yapate kupita. Mbung'o waliwaua ng'ombe wengi, na mpango wa magari haukufaulu kama ulivyotarajiwa. Lakini kwa kazi hiyo Mackay alipata faida nyingine, maana alijifunza kufanya kazi bega kwa bega na watu wa nchi hii.

Wakati huo wenzake walikuwa wametangulia kufika Kageyi, katika pwani ya Usukuma. Mmoja wao, daktari John Smith, rafiki wa Mackay tangu Edinburgh, alifia hapo mwaka 1877. Mwaka uo huo ukazuka mgogoro ambao Wakerewe wanaujua vizuri. Mfanyabiashara Songoro, mgeni kutoka pwani, alikuwa akiunda jahazi Ukerewe kwa mbao za kisiwa hicho. Wamisionari walipatana naye wakalinunua. Ugomvi ukatokea baina ya Songoro na Omukama Lukonge juu ya chombo hicho na malipo yake. Mwezi Desemba 1877 Songoro alikimbilia katika kambi ya wamisionari Shergold Smith na O'Neill. Hawakukubali kumtoa. Watu wa Omukama wakashambulia kambi, na Wazungu hao wawili wakauawa pamoja na Songoro na wafuasi wao wengi.

Habari za mauaji hayo zilimkuta Mackay njiani kuelekea bara. Hakugeuka. Mwezi Juni 1878 aliingia Kageyi, akakuta mali ya wenzake imetawanyika na kuharibika kwa kutu na wadudu, na mashua yao iitwayo Daisy imelala ufukoni ikiwa mbovu. Watu wa Kageyi walimwonya asithubutu kuvuka kwenda Ukerewe. Yeye aliona kwamba hawezi kuishi kando ya ziwa hili akiwa na uadui na kisiwa kizima usiokwisha kuzungumzwa. Basi alikwenda peke yake, bila silaha, akaketi mbele ya Lukonge na kusikiliza maelezo yake. Omukama alimweleza kwamba ugomvi wake ulikuwa na Songoro, na kwamba Wazungu waliuawa kwa kuwa walichagua kumkinga. Mackay alikaa kisiwani siku kadhaa akiwa mgeni wa Omukama, kisha akarudi Kageyi salama.

Maandishi mengi tuliyonayo juu ya mambo hayo yaliandikwa na wamisionari, na ni wajibu wetu kuyasoma kwa hadhari. Hata hivyo kuna jambo lililo wazi. Vifo vya mwaka 1877 vilitokana na jahazi lililouzwa kabla madai yake hayajamalizwa, na wageni walioingia katika shauri la nchi kabla ya kulielewa. Safari ya mwaka 1878 haikufuta damu iliyomwagika, wala hakuna awezaye kusema kwamba mauaji yale yalikuwa haki. Lakini mwenye nchi alipata mtu wa kumsikiliza, na mgeni akapata njia ya kupita.

Mwezi Agosti 1878 Mackay na mwenzake Wilson waliondoka Kageyi kwa mashua ya Daisy. Dhoruba iliwatupa katika pwani ya magharibi na mashua ikavunjika. Mackay alikata sehemu ya katikati, akaunganisha tezi na omo, na mbao za sehemu iliyokatwa akazitumia kuziba palipoharibika. Kazi hiyo iliwachukua majuma manane, na wenyeji wa hapo waliwaacha wakae kwa amani mpaka ikamalizika. Walifika Buganda mwezi Novemba.

Huko alikaa karibu miaka tisa. Alifua chuma, alirandia mbao, alichonga herufi kwa mkono wake ili apige chapa kurasa za kujifunzia kusoma Kiganda, na vijana waliomzunguka aliwafundisha kazi hizo. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza majeneza ya maziko yake. Kwa ajili ya kazi zote hizo akajulikana kwa jina la Mzungu wa Kazi. Jina hilo hakulipata kwa hati wala kwa zawadi alizopeleka ikulu. Lilitokana na yale ambayo watu waliyaona kwa macho yao katika karakana yake.

Haifai kumpamba mtu kwa sifa peke yake. Mackay alibishana vikali na mapadri Wafaransa waliofika Buganda mwaka 1879, tena mbele ya Kabaka, na hivyo alichangia mgawanyiko ulioiletea nchi hiyo matatizo makubwa baadaye. Vilevile aliandika barua za kuitaka Uingereza iingilie kati mambo ya Buganda. Katika hilo aliuvuka mpaka wa ugeni, kwa maana mgeni aliyepewa jembe hana ruhusa ya kuita wenye kuchukua shamba. Mwanga, aliyetawala baada ya kifo cha Mutesa mwaka 1884, alikuwa na sababu ya kuwahofia Wazungu, ingawa hofu hiyo haihalalishi mauaji ya vijana Wakristo yaliyotokea katika miaka ya 1885 na 1886.

Mwezi Julai 1887 Mackay alilazimika kuondoka Buganda. Alivuka ziwa akafanya makazi mapya Usambiro, upande wa kusini. Alikuwa na umri wa miaka 37, na kwa mara nyingine alianza upya kama mgeni. Alijenga nyumba na karakana, akaendelea kupiga chapa, na akaanza kutengeneza chombo cha kwenda kwa mvuke ziwani. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe aliangushwa. Kabaka huyo akawa mkimbizi katika pwani yetu, kwanza Magu na kisha Bukumbi kwa mapadri Wafaransa. Waganda Wakristo waliofukuzwa nao walipata hifadhi Usambiro kwa Mackay. Hivyo mgeni akawa mwenyeji, na pwani ya Usukuma ikawabeba wote, aliyefukuza na waliofukuzwa.

Stanley alipopita Usambiro mwaka 1889 akielekea pwani, alimkuta fundi huyo kazini. Mackay hakuondoka pamoja naye, ingawa hakuwa ameiona nchi yake tangu mwaka 1876. Alifariki kwa homa hapo hapo Usambiro mwezi Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Miezi mitano baadaye Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuligawa ziwa, na pwani ya Usambiro ikahesabiwa kuwa ya Wajerumani, wenyeji wake wasiulizwe. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Maisha hayo yanatupa mambo mawili ya kutekeleza. La kwanza lawahusu wananchi wa visiwani. Mapatano ya mitumbwi, mbao, nyavu na injini baina ya mwenyeji na mgeni yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji kabla chombo hakijashushwa majini. Deni la Songoro lingeweza kumalizwa kwa mazungumzo. Lilipoachwa, likamalizwa kwa mkuki.

La pili lawahusu watumishi wa serikali. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kuwarithisha wananchi ujuzi huo. Afisa anayekagua kibali asitosheke na mhuri na tarehe. Aingie karakanani, aulize ni kijana gani wa hapa anayefundishwa, na amwone kijana huyo akishika chombo cha kazi. Na mgeni asiyekuwa na kibali aelezwe sheria kwa lugha anayoielewa na kwa heshima, pasipo kudaiwa kitu pembeni. Mwenyeji anayeficha jembe kisha akamlaumu mgeni kwa uvivu hajatimiza wajibu wake.