Mwenda Jean-Bosco: gitaa moja iliyosikika kama mbili

Hapa Uvira kuna vijana wanaopenda sana muziki wa zamani wa wazungu. Simu zao zimejaa albamu za Van Morrison, Joni Mitchell, Nick Drake, na jioni huko Mulongwe ama Kalundu wanabishana ni ipi inashinda zote. Mimi pia naingia kwenye mabishano hayo, sababu ni matamu. Lakini kila nikimtaja Mwenda Jean-Bosco, wengi wananiangalia tu. Kumbe baba zao walicheza nyimbo zake kwenye ndoa!

Alizaliwa mwaka wa 1930 Bunkeya, Katanga, kijiji kilichokuwa makao ya mfalme Msiri. Watu wake ni Bayeke. Wazee wao walitoka Unyamwezi, ng'ambo ya ziwa letu, wakafika Katanga kwa biashara ya shaba na pembe za tembo, wakabaki na kutawala. Kwa hiyo huyu mtoto wa Katanga alikuwa na mizizi upande ule wa Tanganyika. Jean-Bosco ni jina la ubatizo. Miaka ya Mobutu, majina ya kizungu yalipokatazwa mwaka wa 1972, lililobaki mbele ni Mwenda wa Bayeke.

Mwaka wa 1952 alikuwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Mwingereza mmoja aliyekuwa anaishi Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, alikuwa anazunguka Kongo ya Wabelgiji na mashine ya kunasa sauti. Akamkuta huyu kijana wa miaka 22 na gitaa yake, akamnasa akipiga wimbo wa Masanga. Msomaji, usidhani ni pombe ya Kilingala. Watu wa Katanga wanaita njia panda masanga-njia, na mimi kila nikisikiliza wimbo huo naona kweli njia zinakutana.

Bosco alikuwa anapiga kwa vidole viwili tu. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, polepole, kama mtu anayevuta kasia. Kidole cha shahada kinakimbia juu kwenye nyuzi nyembamba, na hakikanyagi pale gumba linapokanyaga. Ukisikia mara ya kwanza utaapa kwamba kuna wapigaji wawili. Tena harudii. Kila mzunguko wa wimbo anaugeuza kidogo, anaongeza kitu huku, anaondoa kule. Mtaalamu David Rycroft alikaa na wimbo huo sauti kwa sauti, akauandika wote kwenye karatasi ili kuelewa mkono ule ulifanya nini.

Sasa turudi kwa mabishano ya vijana. Albamu ya Nick Drake, Pink Moon, ilitoka mwaka wa 1972. Watu wanaisifu sababu ni mtu mmoja na gitaa yake, karibu hakuna kingine. Ni kazi nzuri, sikatai, usiku wa mvua hakuna inayoipita. Lakini Bosco alikuwa amefanya hivyo miaka 20 mbele, kwa Kiswahili, na kwa masikio yangu mkono wake ulikuwa na furaha zaidi. Kilichomkosesha nafasi kwenye orodha zile ni disiki zenyewe. Santuri za Gallotone zilizotoa nyimbo zake zilikuwa na wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi, basi. Watoto Wawili huku, Tambala Moja kule, Bombalaka kwa nyumba ya jirani. Hakuna aliyezikusanya wakati ule akaziita albamu.

Disiki hizo zilitembea mbali hata hivyo. Zilifika Rhodesia, Uganda, Tanganyika na Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe alikaa Nairobi, akawa na kipindi chake redioni, na wapigaji wa Kenya wakajifunza kwa kumsikiliza. Edouard Masengo, ndugu yake, naye alijulikana huko. Wanaosema Kiswahili cha Kongo ni kibovu wajiulize kilipitaje kwenye redio ya Nairobi na watu wakakipenda.

Halafu kuna mwaka wa 1969. Mwezi wa saba Bosco aliitwa Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mwaka huohuo kwenye programu walikuwamo Joni Mitchell, Van Morrison, Johnny Cash na Muddy Waters. Siku ya mwisho ya tamasha ndiyo siku binadamu alikanyaga mwezi. Majina yaleyale ambayo vijana wetu wanabishania, na Mkongo wa Bunkeya alikuwa katikati yao!

Hakuishi kwa gitaa peke yake. Alifanya kazi benki, akafanya kazi kwa kampuni ya madini, akawa na hoteli Sakania, karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka wa 1988 aliingia studio Cape Town na kurekodi nyimbo za kutosha albamu nzima. Mwezi wa tisa 1990 alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia, na miaka 60. Albamu ile ya Cape Town ilitoka Marekani mwaka wa 1994. Hakuishika mkononi. Mimi naisikiliza mara kwa mara, sauti imekomaa, gitaa ni safi, lakini wakinipa nichague nitachukua Masanga ya 1952 na mikwaruzo yake yote.

Hapa kwetu, mafuriko ya mwezi wa nne 2020 yaliingia kwenye nyumba nyingi za Uvira na kubeba masanduku na vilivyokuwamo. Sijui ngapi zilikuwa disiki za Gallotone. Zile zilizobaki ziko juu ya makabati ya wazee, bila mashine ya kuzipigia, na wajukuu wanataka kuzitupa wapate nafasi ya televisheni. Kama iko moja kwenu, soma kwanza jina kwenye karatasi ya katikati.