Paul Sabatier

Paul Sabatier (Carcassonne, 5 Novemba 1854 – Toulouse, 14 Agosti 1941) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba unga laini wa nikeli na metali nyingine huwezesha hidrojeni kuungana na kampaundi za kaboni. Mwaka 1912 alipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Victor Grignard.

Maisha

Alisoma École Normale Supérieure mjini Paris, halafu akawa msaidizi wa Marcellin Berthelot na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1880. Mwaka 1882 alihamia Toulouse, akawa profesa wa kemia huko mwaka 1884. Baadaye aliitwa kufundisha Paris, lakini alikataa, akabaki Toulouse hadi kifo chake.

Utafiti

Mwaka 1896 Henri Moissan na Charles Moureu walipitisha asetilini juu ya nikeli, wakaona kwamba gesi iliyotoka ilikuwa karibu yote hidrojeni. Sabatier, pamoja na Jean-Baptiste Senderens, alifanya jaribio kama hilo kwa ethilini na kuichunguza gesi iliyotoka. Ndani yake alikuta ethani, yaani ethilini iliyoongezewa hidrojeni. Hivyo alitambua kwamba nikeli ilikuwa kichocheo, na mwaka 1897 walithibitisha hilo kwa kuchanganya ethilini na hidrojeni. Mwaka 1902 waligeuza kaboni dioksidi na hidrojeni kuwa methani na maji. Badiliko hilo huitwa mmenyuko wa Sabatier.

Alieleza kwamba metali huungana na hidrojeni kwa muda mfupi, kisha huiachia na kubaki kama ilivyokuwa.

Umuhimu

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Wilhelm Normann alitumia nikeli kugandisha mafuta ya maji, na njia hiyo ikaenea katika utengenezaji wa majarini.

Leo njia hiyo inasaidia pia viwanda vya biodizeli. Kila kilo 10 za biodizeli huacha takriban kilo 1 ya gliseroli, ambayo ikizidi sokoni hushuka bei. Kwa hidrojeni, joto na kichocheo cha shaba au nikeli, gliseroli hugeuzwa kuwa propilini glikoli, inayotumika katika plastiki na vimiminika vya kuzuia kuganda. Tatizo ni kwamba gliseroli ghafi huwa na chumvi na uchafu unaodhoofisha kichocheo, hivyo kwa kawaida husafishwa kwanza.

Chuo Kikuu cha Paul Sabatier mjini Toulouse kilipewa jina lake.