Lotte Reiniger

Lotte Reiniger (Berlin, 2 Juni 1899 – Dettenhausen, 19 Juni 1981) alikuwa mtengenezaji wa filamu za katuni kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa filamu ya vivuli Die Abenteuer des Prinzen Achmed (yaani Visa vya Mwanamfalme Achmed) ya mwaka 1926, ambayo ni filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizobaki hadi leo.

Maisha ya awali

Tangu utotoni alipenda kukata picha za karatasi kwa mkasi na kuonyesha michezo ya vivuli nyumbani. Mwaka 1918 alikata vivuli vilivyopamba maandishi ya filamu ya Paul Wegener, na mwaka 1919 alitoa filamu fupi yake ya kwanza. Mwaka 1921 aliolewa na Carl Koch, aliyekuwa mpigapicha wake kwa miaka mingi.

Mwaka 1923 mwenye benki Louis Hagen alijitolea kugharimia filamu ndefu. Kazi ilifanyika kwa miaka mitatu huko Potsdam, juu ya banda la gari la Hagen. Hadithi yake ilitokana na Alfu Lela U Lela.

Mwanga na mandhari

Wahusika walikatwa kwa karatasi ngumu nyeusi na bati jembamba la risasi, viungo vikiunganishwa kwa waya. Walilazwa juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini, na kamera ilitazama kutoka juu. Kila baada ya kuwasogeza kidogo, picha moja ilipigwa.

Kwa kuwa mhusika ni mweusi, angepotea mbele ya mandhari yenye giza. Kwa hiyo Reiniger alitengeneza mandhari kwa karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Penye karatasi moja palionekana peupe, kama milima ya mbali. Kila alipoongeza nyingine mwanga ulipungua, na vitu vikaonekana kuwa karibu zaidi. Hivyo picha bapa ilipata kina, na mhusika akaonekana wazi.

Uhamisho na miaka ya mwisho

Baada ya Wanazi kushika utawala, Reiniger na Koch waliondoka Ujerumani, lakini hawakupata kibali cha kudumu cha kuishi nchi nyingine, wakawa wakihamahama. Mwaka 1944 alirudi Berlin kumwuguza mama yake. Filamu asilia ya Prinzen Achmed ilipotea katika vita. Nakala yenye rangi iliyohifadhiwa Uingereza ndiyo iliyowezesha filamu hiyo kurekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 1949 wanandoa hao walihamia London, ambako Reiniger alitengeneza filamu fupi nyingi za ngano kwa ajili ya televisheni. Koch alifariki mwaka 1963. Mwaka 1972 Ujerumani Magharibi ilimtunukia Reiniger tuzo ya filamu ya heshima, Filmband in Gold.