Georg Ohm, mtoto wa fundi kufuli aliyeupigia umeme hesabu

Mita ya fundi umeme, iwe imenunuliwa Kariakoo au Bujumbura, huwa na alama Ω. Ni herufi ya Kigiriki, lakini hapo inasimama badala ya jina la Mjerumani, Georg Simon Ohm.

Alizaliwa 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Bavaria. Baba yake, fundi wa kufuli, alijifundisha hesabu na sayansi mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe. Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu cha hapo mjini, akanogewa na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba hakuvumilia. Baada ya mihula mitatu kijana alijikuta Uswisi akifundisha hesabu, na shahada ya udaktari aliipata 1811 aliporudi.

Mwaka 1817 alipata kazi ya ualimu Cologne, katika shule yenye maabara nzuri. Betri zilikuwa zimeshajulikana, ila hesabu ya umeme unaopita kwenye waya ilikuwa bado haijatulia. Betri zenyewe zilimsumbua: nguvu zake zilishuka huku akipima, na kanuni aliyochapisha 1825 ikatoka na kasoro. Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri aachane nazo. Ohm akaunganisha shaba na bismuthi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Tofauti ya joto ikampa umeme usioyumba. Akabadilisha waya mmoja baada ya mwingine, wafupi kwa warefu, akipima mkondo kwa sindano ya sumaku.

Jibu likawa jepesi ajabu. Volti zikiongezeka mara mbili kwenye waya uleule, mkondo nao huongezeka mara mbili, mradi joto la waya lisibadilike. Ukinzani ukiongezeka mara mbili, mkondo hubaki nusu. Hita ya maji ya volti 120 kutoka Marekani, ikichomekwa kwenye volti 240 za Kampala, hupitisha takriban mara mbili ya mkondo wake na kutoa joto karibu mara nne. Mteja atairudisha imeungua siku hiyohiyo.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827. Alitumaini kingempatia kiti cha chuo kikuu, lakini wasomi wengi wa nchini kwake walikipokea kwa ubaridi. Mwaka 1828 akaacha kazi Cologne, akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya hesabu hadi 1833, alipoajiriwa Nuremberg. Heshima ilianzia ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, alioutamani miaka yote hiyo, aliupata 1852 akiwa na miaka 63. Aliufaidi miaka miwili tu, akafariki 6 Julai 1854.

Mwaka 1881 wajumbe wa mataifa mbalimbali walikutana Paris kukubaliana vipimo vya umeme vya kutumiwa na wote. Kipimo cha ukinzani wakakiita ohm.