Adriano Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Karibu na mwaka 1866, kando ya mto Niger, mbali sana upande wa magharibi wa Afrika, alizaliwa mtoto jina lake Atiman. Alipokuwa angali mdogo, Watuareg walimwiba, wakamfanya mtumwa, wakamvusha jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadri Weupe wa Kadinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumfundisha dini. Akabatizwa, akapewa jina la Adriano.

Kadinali alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba Injili haitashika mizizi katika Afrika kwa kazi ya wageni peke yao. Yafaa Waafrika wenyewe wawaendee ndugu zao, wakiwaponya mwili huku wakiwaonyesha njia ya roho. Basi, vijana waliotolewa utumwani walipelekwa katika kisiwa cha Malta kujifunza uganga, na Atiman alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1888 alimaliza masomo, akasafiri mpaka bara, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingo wa mashariki wa ziwa Tanganyika. Ng’ambo, upande wa Katanga, ilikuwako misioni ya Mpala. Mahali hapo pawili Mapadri walikuwa wamepapokea mwaka 1885 kutoka kwa Wabelgiji. Atiman alikaa Karema miaka 67.

Kazi haikukosa. Palikuwa na malaria, kuhara damu, minyoo, vidonda na ndui. Siku zile mtu akiugua, jamaa waliuliza kwanza ni nani aliyemroga; na aliyetajwa na mpiga ramli aliweza kufukuzwa kijijini, au hata kuuawa. Uganga wa Atiman ulianza kwa maswali mengine. Homa ilianza siku gani? Yaja na kupoa, au yakaa mfululizo? Mgonjwa anywa maji ya wapi? Kuna damu katika choo? Majibu hayo, pamoja na macho na mikono ya mganga, yalionyesha ni ugonjwa gani. Na dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi kila ugonjwa. Kwinini inayosaidia katika malaria haifai kitu katika minyoo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja msiba mkubwa kuliko yote, yaani malale, ugonjwa wa usingizi. Ulienea kando ya ziwa, pande zote mbili, ukaua watu wengi mno. Katika mwaka 1903 wataalamu waliokuwa Entebbe, Uganda, walionyesha kwamba waletwa na kijidudu kidogo sana, kinachopelekwa na mbung’o kutoka kwa mtu hata mtu. Mwanzoni mgonjwa huwa na homa, na mara nyingi tezi za shingo huvimba. Baadaye kijidudu huingia katika ubongo, mtu akapotewa na akili, akasinzia mchana, hata afe. Anayepimwa mapema yuko karibu na kupona. Anayefichwa nyumbani yuko karibu na kaburi. Atiman hakuwakimbia wagonjwa hao. Aliwahudumia, akawafundisha sala, na waliokuwa wakifa akawaandaa kwenda kwa Mungu.

Wala hakudharau maarifa ya wenyeji. Alijifunza dawa zao za miti, maana aliijua tofauti kati ya jani linaloponya na ramli inayodanganya.

Alioa Agnes Wansabira, binti wa nchi ile, na mwana wao Yozefu alipewa upadri mwaka 1923. Hivyo mtoto aliyeuzwa kama mbuzi alikuja kuwa baba wa padri. Adriano Atiman alifariki mwaka 1956, mzee wa miaka karibu 90. Hospitali ya jimbo huko Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Ndui ilikwisha duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980, na malale imepungua sana. Lakini malaria na kipindupindu havijaondoka katika Katanga, wala shauri la uchawi halijaondoka mioyoni. Leo tone moja la damu, likipimwa katika kituo cha afya, laonyesha upesi kama homa ni malaria. Amri ya kwanza yakataza ramli. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Anayemtaja bibi kizee wa kijiji kuwa mchawi kwa sababu mtoto ana homa huzivunja zote mbili, na mtoto hukaa bila dawa. Mkatekumeni anayejiandaa kwa ubatizo humchukua mtoto na kumpeleka kwa mganga siku ile ile, kisha humwombea. Ndivyo Atiman alivyoishi: dawa kwa mkono mmoja, rozari kwa mkono wa pili, wala hakuona vita kati ya mikono hiyo.