IVY LEE: MAISHA YANAYOFUNZA THAMANI YA TAARIFA SAHIHI KWA UMMA

Tarehe 28 Oktoba 1906, treni ya umeme yenye mabehewa matatu iliacha reli ikiwa darajani karibu na mji wa Atlantic City nchini Marekani, ikatumbukia majini na watu 53 wakapoteza maisha. Kampuni za reli za wakati huo zilikuwa na desturi ya kuficha habari za ajali na kuwazuia waandishi kufika eneo la tukio. Safari hii, mshauri wa kampuni husika, Ivy Ledbetter Lee, aliandaa taarifa ya maandishi na kuigawa kwa magazeti yote. Gazeti la New York Times liliichapisha kama ilivyoandikwa, na hadi leo taarifa hiyo hutajwa kuwa miongoni mwa taarifa za kwanza kwa vyombo vya habari.

Lee alizaliwa tarehe 16 Julai 1877 karibu na Cedartown, katika jimbo la Georgia, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Methodisti. Alihitimu Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1898, kisha akafanya kazi ya uandishi wa habari katika magazeti ya New York kabla ya kuingia katika kazi ya uhusiano wa umma.

Wakati huo tasnia ya habari ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Magazeti na majarida ya bei nafuu yaliwafikia wasomaji wengi, na waandishi wachunguzi walifichua mienendo ya kampuni kubwa. Miongoni mwao alikuwa Ida Tarbell, ambaye kuanzia mwaka 1902 alichapisha katika jarida la McClure's mfululizo wa makala kuhusu kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Matajiri wengi walijibu kwa ukimya, na ukimya huo ukazidisha shaka ya wananchi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwaka 1906, wamiliki wa migodi ya makaa ya mawe walimwajiri Lee wakati wa mgogoro wao na wafanyakazi. Aliwatumia wahariri tamko la misingi ya kazi yake, akiahidi kuwa shughuli zote zingefanyika hadharani, taarifa zingekuwa sahihi, na mhariri yeyote aliyetaka kuzihakiki angesaidiwa bila kucheleweshwa. Kwa tamko hilo, mwananchi alitambuliwa kuwa mtu mwenye haki ya kuelezwa mambo yanayomgusa.

Hata hivyo, miaka minane baadaye misingi hiyo ilipata mtihani mzito. Tarehe 20 Aprili 1914, kambi ya mahema ya wachimbaji waliogoma huko Ludlow, Colorado, ilishambuliwa na kuteketezwa kwa moto. Watu wapatao 20 walifariki, wakiwemo wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha katika shimo chini ya hema. Familia ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa kubwa katika kampuni ya migodi hiyo, ilimtafuta Lee. Alisambaza machapisho ya kuitetea kampuni, lakini baadhi ya maelezo yalikuwa ya uongo, ikiwemo malipo ya viongozi wa wafanyakazi yaliyokuzwa kupita kiasi.

Alipohojiwa na tume ya serikali mwaka 1915, Lee alikiri kuwa alipokea maelezo hayo kutoka kwa wakuu wa kampuni bila kuyahakiki. Katika mwaka huo huo, John D. Rockefeller Mdogo alikwenda Colorado, akaingia migodini na kuzungumza na wachimbaji ana kwa ana. Ziara hiyo ilisaidia kurejesha heshima ya familia yake, lakini jina la Lee lilibaki na doa.

Doa hilo lilikolea mwaka 1934, ilipofahamika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwa kampuni ya kemikali ya Ujerumani, IG Farben, ilikuwa ikimlipa dola 25,000 kwa mwaka, wakati Ujerumani ikiwa chini ya utawala wa Hitler. Lee alifariki tarehe 9 Novemba mwaka huo jijini New York kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 57.

Njia za kupashana habari zimebadilika mno tangu enzi zake, na taarifa sasa humfikia mwananchi ndani ya sekunde chache. Kasi hiyo inamfaa mwananchi pale tu anayetoa taarifa anapokuwa ameihakiki. Huko Atlantic City Lee aliaminiwa kwa kuwa alieleza yaliyotokea. Baada ya Ludlow alipoteza imani hiyo kwa kueleza yale ambayo mwajiri wake alipenda yaaminiwe.