Mary McLeod Bethune: Shule ya wasichana watano iliyobadili maisha ya mji

Tunapozungumzia shule bora, mara nyingi tunaanza na majengo, vitabu na matokeo ya mitihani. Katika makala hii tunaangalia jambo jingine: shule inaendeshwa vipi, nani anashirikishwa, na watu wanaoizunguka wananufaika na nini. Tunafanya hivyo kupitia maisha ya Mary McLeod Bethune, mwalimu Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1955.

Bethune alizaliwa Julai 10, 1875, karibu na Mayesville katika jimbo la South Carolina, akiwa mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake, Samuel na Patsy McLeod, walikuwa watumwa kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Familia ililima pamba, na Mary alishika jembe tangu utotoni. Shule ya kanisa ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyetembea kilomita nyingi kila siku kwenda kusoma. Jioni aliwafundisha nyumbani yale aliyojifunza.

Kwa ufadhili aliendelea na masomo katika shule ya Scotia, North Carolina, akahitimu mwaka 1894, kisha akasomea umisionari mjini Chicago. Nia yake ilikuwa kuja kufanya kazi Afrika. Kanisa lake lilimkatalia, likisema halina nafasi kwa wamisionari weusi. Akarudi kusini kufundisha.

Mjini Augusta, Georgia, alifanya kazi chini ya Lucy Laney, mwanamke ambaye sasa alikuwa akiongoza shule aliyoianzisha mwenyewe. Hapo Bethune aliona kwa macho yake kwamba shule ya watu maskini inaweza kuwa na nidhamu, usafi na mpangilio.

Mwaka 1904 alihamia Daytona, Florida, ambako vibarua weusi waliojenga reli walikuwa wakiishi na familia zao katika umaskini mkubwa. Oktoba 3 mwaka huo alifungua shule katika nyumba ya kupanga, akiwa na dola moja na senti 50 mfukoni. Wanafunzi walikuwa wasichana watano na mwanawe mdogo, Albert. Masanduku ya mbao yaligeuzwa madawati, mkaa ukawa penseli, na wino ulitengenezwa kwa maji ya matunda ya porini. Walimu, wazazi na wanafunzi waliuza vyakula walivyopika ili kulipa kodi. Haukupita mwaka, wasichana walikuwa wamefika 30 hivi.

Lakini moyo wa kujitolea peke yake usingeiweka shule hiyo kwa muda mrefu. Bethune aliunda bodi ya wadhamini iliyokuwa na wachungaji weusi wa mtaani pamoja na wafanyabiashara matajiri wa kizungu, akiwemo James Gamble wa kampuni ya Procter & Gamble. Kwa wakati ule, sheria za kusini ziliwatenga watu kwa rangi karibu kila mahali, hivyo kuwakutanisha katika shughuli moja halikuwa jambo dogo. Kiwanja cha shule kilipatikana katika eneo lililokuwa jalala, nalo likageuzwa kuwa majengo na bustani ya chakula. Wasichana walisoma masomo ya darasani, wakajifunza pia kupika, kushona na kulima.

Kisha likaja jambo lililoonyesha kwamba shule haiwezi kujitenga na hali ya wanaoizunguka. Mmoja wa wanafunzi aliugua kidole tumbo. Hospitali ya wazungu ilikubali kumtibu baada ya kusihiwa, lakini Bethune alipokwenda kumtazama alimkuta amelazwa kwenye ukumbi wa nje, nyuma ya jengo. Mwaka 1911 shule ilifungua hospitali yake, ikaipa jina la McLeod. Ilitibu watu weusi wa mji na kufundisha wauguzi. Homa kubwa ya mafua ilipozuka mwaka 1918, hospitali ilifurika, na ukumbi wa shule ukatumika kulaza wagonjwa.

Wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura mwaka 1920, Bethune alifundisha watu wazima kusoma ili waweze kujiandikisha. Kundi la Ku Klux Klan liliandamana usiku hadi shuleni kumtisha. Aliwasubiri bila kukimbia, wakaondoka, na watu wake wakaenda kupiga kura.

Mwaka 1923 shule iliungana na taasisi ya wavulana ya Cookman ya mjini Jacksonville, na hatimaye ikawa chuo cha Bethune-Cookman. Kazi ya Bethune ilivuka mipaka ya Daytona: mwaka 1935 alianzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, akashika wadhifa katika serikali ya Rais Franklin Roosevelt, na mwaka 1945 alihudhuria mkutano wa San Francisco ulioanzisha Umoja wa Mataifa. Afrika, aliyonyimwa ujanani, aliikanyaga mwaka 1952 alipokwenda Liberia.

Alifariki Mei 18, 1955, akazikwa katika uwanja wa chuo chake. Wakati huo alikuwa amekwisha kukabidhi uongozi kwa wengine, na chuo kikaendelea bila yeye. Leo ni chuo kikuu, na mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kwa niaba ya Florida.

Hapo ndipo tunapoliona jibu la swali letu. Shule ya Daytona ilianza na mtu mmoja, lakini ilidumu kwa sababu ilikuwa na bodi, ilikuwa na kazi kwa kila mmoja, na ilikuwa na majirani waliojua kwamba ikifungwa, wao pia wangepoteza hospitali, darasa la watu wazima na mahali pa kukutania.